Tumeongeza RAM, Mbona Laptopu Haiwaki? Jinsi ya Kutafuta Kosa Hatua kwa Hatua



 

Ndugu msomaji, mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na aliyetaka kuleta moja alilazimika kupata kibali maalumu. Leo mambo yamegeuka. Laptopu iliyotumika miaka mitano Ulaya au Marekani hushuka bandarini Dar es Salaam, hupitia maduka ya Kariakoo, na hatimaye hufika Korogwe, Mombo na hapa kwetu Mkumbara. Madrasa inaitumia kuandika orodha ya wanafunzi na matokeo ya mitihani. Mzazi anaitumia kwa hesabu za duka. Kijana wa sekondari anaitumia kwa masomo yake, na jioni anasikiliza usomaji wa Qur'an.

Laptopu nyingi za aina hii ni imara, lakini RAM yake ni ndogo. Kila mtu anatoa ushauri mmoja: "Ongezeni RAM." Mara nyingi ushauri huo ni wa kweli. Tatizo huja pale RAM inaponunuliwa kwa fedha za michango, ikafungwa, kisha laptopu ikakataa kuwaka, au ikawaka na kuonyesha kiasi kilekile cha zamani. Hapo watu huanza kulaumiana. Mwenye duka anasema fundi ameharibu, fundi anasema RAM ni mbovu, na fedha ya watu inabaki hewani. Fedha ya michango ni amana, na mwenye amana hapaswi kubahatisha. Makala hii inaeleza jinsi ya kutafuta kosa kwa utaratibu, ili atakayesema "hii ni mbovu" awe na ushahidi.

RAM NI NINI?

Mwanafunzi wa chuo cha Qur'an ataelewa RAM kwa haraka akikumbuka ubao wa zamani. Mwalimu aliandika somo la leo kwenye ubao, mwanafunzi akalisoma mpaka akalihifadhi, kisha ubao ukaoshwa na kuandikwa somo jingine. Msahafu wenyewe ulibaki kabatini, haukufutika.

Katika kompyuta, hadi diski ndilo kabati. Humo hukaa mafaili yote, hata umeme ukikatika. RAM ndiyo ubao. Kila unachokifungua huletwa kwenye RAM ili prosesa ikifanyie kazi kwa haraka, na umeme ukikatika RAM huoshwa yote. Ndiyo maana kazi ambayo hukuihifadhi hupotea TANESCO wanapokata umeme, hasa kwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri.

Ubao ukiwa mdogo, mwanafunzi hulazimika kufuta na kuandika tena kila mara. Kompyuta nayo, RAM ikijaa, hutumia sehemu ya hadi diski kama ubao wa ziada. Kwa kuwa hadi diski ni ya polepole mno ikilinganishwa na RAM, mashine huanza kuganda na taa ya diski hubaki ikiwaka. Hiyo ndiyo dalili kubwa ya upungufu wa RAM.

KABLA YA KUNUNUA: JE, KWELI RAM NDIYO TATIZO?

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka "Task Manager". Nenda sehemu ya "Performance" na utazame mstari wa "Memory" huku umefungua programu zako za kila siku. Ikiwa inabaki juu ya asilimia 85 au 90, basi RAM haitoshi. Ikiwa inaonyesha asilimia 40 na bado mashine ni nzito, kuongeza RAM hakutasaidia. Tafuta sababu nyingine: virusi, hadi diski inayokufa, au feni iliyojaa vumbi na kuifanya prosesa ipunguze kasi kwa sababu ya joto. Sisi tunaokaa bondeni chini ya milima ya Usambara, kwenye joto na vumbi, hili la feni tusilidharau.

VIPIMO VINNE VYA RAM INAYOFAA

RAM si kama soksi, kwamba ukubwa ukikaribiana inatosha. Yapo mambo manne ya kuyaangalia.

1. Kizazi. Kuna DDR2, DDR3, DDR4 na DDR5. DDR2 ya laptopu ina pini 200, DDR3 ina pini 204, DDR4 ina pini 260, na DDR5 ina pini 262. Kila kizazi kina pengo lake kwenye safu ya pini ili kisiingie kwenye sloti ya kizazi kingine. RAM ikikataa kuingia, usilazimishe. Huenda umepewa kizazi kisicho chako, au umeigeuza.

2. Volti. Hapa ndipo wengi hunaswa. DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5, na DDR3L hutumia volti 1.35. Umbo lao ni moja na pengo lao ni moja, kwa hiyo zote huingia kwenye sloti bila tatizo. Laptopu nyingi zenye prosesa za Intel za kizazi cha nne, zilizoanza kutoka mwaka 2013, zinataka DDR3L tu. Ukiweka DDR3 ya volti 1.5, mashine hubaki na skrini nyeusi. Kinyume chake hakina shida: DDR3L kwa kawaida hufanya kazi hata kwenye sloti ya volti 1.5. Kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya RAM, DDR3 huandikwa PC3 na DDR3L huandikwa PC3L. Herufi hiyo moja inaweza kukuokolea fedha.

3. Kasi. Ukichanganya RAM za kasi mbili tofauti, kwa kawaida zote mbili hukimbia kwa kasi ya ile ya polepole. Hilo si kosa. Lakini baadhi ya laptopu hukataa mchanganyiko huo. Ni salama zaidi kununua iliyo sawa na ya zamani. Kwenye karatasi, PC3-12800 maana yake ni kasi ya 1600, na PC4-19200 maana yake ni 2400.

4. Kikomo cha laptopu yenyewe. Kila laptopu ina kiwango cha juu inachokubali. Nyingi za Core i za kizazi cha kwanza, za mwaka 2010 hivi, hukubali GB 8 kwa jumla, yaani vipande viwili vya GB 4. Ukiweka kipande kimoja cha GB 8 inaweza isikione kabisa, ingawa hesabu ya jumla ni ileile. Tafuta namba ya modeli chini ya laptopu, kisha soma kitabu chake kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza.

Pia fahamu kwamba laptopu nyembamba nyingi hazina sloti kabisa. RAM imechomelewa kwenye madabodi. MacBook Air, kwa mfano, RAM yake haiongezwi. Hakikisha hili kabla ya kuchangisha fedha.

KUFUNGUA NA KUFUNGA KWA USALAMA

Makosa mengi yanayosemwa ni "RAM mbovu" huzaliwa hapa.

Kwanza, weka nakala ya mafaili muhimu kwenye flashi au diski ya nje. Kubadilisha RAM hakufuti mafaili, lakini RAM mbovu inaweza kuyaharibu baadaye, kama tutakavyoona.

Pili, zima mashine kabisa. Kufunika laptopu si kuizima. Huwa imelala tu, na RAM bado ina umeme. Tena Windows 8 na zilizofuata mara nyingi hazizimiki kikamilifu hata ukibofya "Shut down". Shikilia kitufe cha Shift huku ukibofya "Shut down", ndipo itazimika kweli.

Tatu, chomoa chaja na utoe betri. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 hadi 30 ili umeme uliobaki ndani uishe. Ikiwa betri iko ndani, ichomoe waya wake mara tu unapofungua mfuniko. Baadhi ya ThinkPad zina chaguo ndani ya BIOS la kuizima betri ya ndani kabla ya kufungua.

Nne, jihadhari na umeme tuli. Huu ni ule unaokuchoma kidogo unapogusa chuma baada ya kuburura miguu kwenye zulia. Mtu huanza kuuhisi ukifika kama volti 3,000, lakini chipu ya RAM inaweza kuharibika kwa kiasi kidogo kuliko hicho, wewe usihisi kitu. Usifanyie kazi juu ya zulia la nailoni wala kitandani. Tumia meza ya mbao, gusa chuma kikubwa kama nondo za dirisha kabla ya kushika RAM, na ishike kwa kingo zake, si kwenye pini za dhahabu.

Tano, ingiza RAM kwa mshazari, kama nyuzi 30 hivi, ukilinganisha pengo na kizuizi kilichomo kwenye sloti. Sukuma mpaka pini za dhahabu zikaribie kufichika zote. Kisha ikandamize chini mpaka vishikizo vya pembeni vishike vyote viwili na usikie mlio wa "ta!". Kishikizo kimoja kikishika na kingine kikabaki wazi, RAM haijakaa.

SASA IMEKATAA: TUANZE WAPI?

Kanuni ya kwanza: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha jaribu. Ukibadilisha RAM, ukabadilisha sloti na ukaweka Windows upya kwa siku moja, hutajua kipi kilichoponya wala kipi kilichoharibu.

Kanuni ya pili: andika kila jaribio na matokeo yake kwenye karatasi. Karatasi hiyo ndiyo utakayoipeleka dukani.

Hali ya kwanza: taa zinawaka, skrini ni nyeusi.

Usiogope haraka. Baadhi ya laptopu, hasa za DDR4 na DDR5, zikiona RAM mpya huchukua muda kujipima mara ya kwanza. Subiri dakika tatu hadi tano. Ikiwa bado, zima, toa betri, na urudishe RAM ya zamani peke yake.

Ikiwaka na RAM ya zamani, basi mashine ni nzima. Kosa liko kwenye RAM mpya, au haikukaa vizuri, au haiendani. Toa tena na uifunge upya. Idadi kubwa ya matatizo huishia hapa, kwa kusukuma RAM mpaka mwisho.

Isipowaka hata na RAM ya zamani, angalia ulichogusa wakati wa kufungua: waya wa kibodi, waya wa betri, vumbi lililoingia kwenye sloti. Pini zikiwa na doa jeusi au utando, zisugue taratibu kwa kifutio cheupe laini, kisha zifute kwa kitambaa kisicho na nyuzi kilicholowa kidogo spiriti safi, na ziache zikauke. Usipulize kwa mdomo, kwani mate ni maji. Usitumie mafuta ya taa wala petroli.

Hali ya pili: inalia au taa inapepesa.

Laptopu isiyoweza kuonyesha kitu kwenye skrini hutumia sauti au taa kueleza tatizo. Hesabu milio. Kila kampuni ina orodha yake. Kwa Dell nyingi za zamani, milio miwili ilimaanisha RAM haikuonekana, na milio minne ilimaanisha RAM imeonekana lakini imeshindwa kusomwa au kuandikwa. HP nyingi hupepesa taa ya Caps Lock. Andika idadi na tafuta maana yake kwa modeli yako. Usitumie orodha ya kampuni nyingine.

Hali ya tatu: inawaka, lakini RAM haijaongezeka.

Hapa muulize shahidi wa kwanza, naye ni BIOS. Washa mashine na ubonyeze F2, F10, F1 au Delete kulingana na kampuni, mpaka uingie BIOS. Tafuta palipoandikwa kiasi cha RAM.

Ikiwa BIOS nayo inaonyesha kiasi cha zamani, tatizo ni la vifaa: RAM haijakaa, sloti ni mbovu, RAM imekufa, au laptopu haikubali kipande cha ukubwa huo. Usihangaike na Windows kabisa.

Ikiwa BIOS inaonyesha kiasi kipya chote, vifaa ni vizima. Tatizo liko kwenye Windows. Usimrudishie mwenye duka RAM yake na kumtuhumu, kwani utamdhulumu.

Tuchukue mfano. Laptopu ilikuwa na GB 2, ikaongezwa kipande cha GB 4. Hesabu inasema GB 6, na BIOS inaonyesha GB 6. Lakini Windows inasema: imewekwa GB 6, inayotumika ni GB 2.99. Je, umetapeliwa? Hapana. Windows hiyo ni ya biti 32. Fikiri juu ya mji ambao posta yake ina namba chache za nyumba: nyumba zikizidi namba hizo, barua hazifiki, hata kama nyumba zimejengwa na zina watu. Mfumo wa biti 32 una anwani 4,294,967,296 tu, yaani GB 4. Tena sehemu ya anwani hizo hutengewa vifaa vingine kama kadi ya picha, ndiyo maana hubaki GB 3 na ushee. Dawa ni kuweka Windows ya biti 64, ikiwa prosesa inaikubali. Kazi hiyo huhitaji kuweka mfumo upya kutoka mwanzo, kwa hiyo nakala ya mafaili ni lazima.

Sababu nyingine za Windows kuonyesha pungufu ni hizi:

- Windows 7 Starter, iliyokuja na laptopu ndogo nyingi, ina kikomo cha GB 2 hata uweke ngapi.
- Mtu aliwahi kuweka kikomo. Bonyeza Windows na R, andika msconfig, nenda "Boot", kisha "Advanced options". Pakiwa na alama kwenye "Maximum memory", iondoe na uwashe upya.
- Picha za skrini zinakula sehemu ya RAM. GB 8 kuonekana kama 7.8 au hata 7.4 ni jambo la kawaida, si kosa.

Hali ya nne: inawaka vizuri, kisha inaganda, inajizima, au inatoa skrini ya bluu.

Hii ndiyo hali ya hatari kuliko zote, kwa sababu mashine inaonekana nzima. RAM yenye chipu mbovu ni kama ubao wenye sehemu isiyoshika wino: unaandika "tisa" inasomeka "sita". Ukihifadhi faili lako, kosa hilo linahamia kwenye hadi diski na kubaki humo. Alama za mtihani zinaweza kubadilika, faili la hesabu za duka linaweza kukataa kufunguka, na hutajua lini lilianza. Mashine ikianza tabia hii baada ya kuongezwa RAM, acha kuitumia kwa kazi za maana mpaka uipime.

Upimaji uko ndani ya Windows yenyewe. Bonyeza Windows na R, andika mdsched, na uchague kuwasha upya. Kwa kipimo kikali zaidi, tumia MemTest86, programu inayowekwa kwenye flashi na kuwashwa kabla ya Windows. Ichomeke laptopu kwenye chaja na iache ipime usiku kucha. Hata kosa moja tu likionekana, RAM hiyo haifai au haiendani na mashine. Hakuna "kosa dogo" katika RAM.

JARIBIO LA VIPANDE VIWILI

Ukiwa na vipande viwili na sloti mbili, jaribio hili litakupa hukumu bila ubishi. Kiite kipande cha zamani Alifu na kipya Be. Pima mara nne, kila mara kipande kimoja tu kikiwa ndani: Alifu kwenye sloti ya kwanza, Alifu kwenye ya pili, Be kwenye ya kwanza, Be kwenye ya pili.

- Alifu ikifaulu kote na Be ikifeli kote, Be ni mbovu au haiendani na laptopu.
- Zote mbili zikifaulu kwenye sloti ya kwanza na zote zikifeli kwenye ya pili, sloti ya pili ndiyo mbovu. Usinunue RAM nyingine.
- Kila moja ikifaulu peke yake kote, lakini zikiwekwa pamoja zinagoma, basi hazipatani. Suluhisho ni kununua jozi inayofanana, au kutumia kipande kimoja kikubwa ambacho laptopu inakikubali.

Katika baadhi ya laptopu sloti moja iko chini ya mfuniko na nyingine iko chini ya kibodi, na baadhi hazitaki sloti ya kwanza iachwe tupu. Soma kitabu cha modeli yako kabla ya kutoa hukumu.

Hali ya tano: RAM imeonekana yote, kipimo kimefaulu, lakini mashine ni nzito kama zamani.

Enzi za Wajerumani palijengwa waya wa kuning'iniza mbao kutoka misitu ya Shume juu mlimani hadi stesheni ya reli hapa Mkumbara. Hata garimoshi lingekuwa na mabehewa mengi kiasi gani, lisingeweza kubeba zaidi ya mbao ambazo waya umezishusha. Kompyuta nayo huenda kwa mwendo wa sehemu yake iliyo nyonga zaidi. RAM ikishatosha, sehemu hiyo mara nyingi ni hadi diski ya kuzunguka. Kuibadilisha kwa diski ya SSD huleta nafuu kubwa kuliko kuongeza RAM juu ya RAM.

Ikiwa fedha haipo, liko jambo lisilo na gharama: punguza mzigo. Zima programu zinazojiwasha zenyewe. Au weka Linux nyepesi, kama Linux Mint ya Xfce, ambayo inaanzia GB 2 na inapendekezwa GB 4. Na Kiswahili si kigeni katika ulimwengu huo: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na hesabu kwa lugha yetu. Ikumbukwe pia kwamba Windows 10 iliacha kupewa matengenezo ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mwenye laptopu kuukuu afikirie hilo kabla ya kuingiza fedha nyingi.

ADABU YA KUNUNUA NA KUUZA

Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alipita penye lundo la chakula sokoni, akaingiza mkono ndani na kukuta unyevu chini ya kikavu. Alimkemea muuzaji kwa kuficha kasoro hiyo, na akabainisha kuwa ghushi si mwenendo wa Waislamu. RAM iliyotumika ni kama lundo lile: juu inang'aa, ndani hujui.

Kwa hiyo mnunuzi aende na laptopu yake dukani, aijaribu RAM palepale, na aingie BIOS mbele ya muuzaji. Aombe risiti yenye aina, ukubwa na muda wa kurudisha. Asiiamini karatasi iliyobandikwa juu peke yake, kwani karatasi hubandukwa na kubandikwa. Programu ndogo ya bure iitwayo CPU-Z husoma maelezo yaliyoandikwa ndani ya RAM yenyewe.

Muuzaji naye aseme kweli kama RAM imetumika na kama ameipima. Na fundi anayebadilisha RAM ya mtu amrudishie ile ya zamani, hata kama anaiona haina thamani. Ni mali ya mwenyewe, na ndiyo atakayoihitaji siku mpya ikigoma.

Ukifika mahali ambapo umejaribu yote haya na mashine bado haiwaki, simama. Usianze kuchoma madabodi kwa pasi ya mafundi. Mpelekee fundi mwenye vifaa, ukiwa na karatasi yako ya majaribio. Fundi mwema atafurahi, kwani umempunguzia nusu ya kazi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini kazi isiyohifadhiwa hupotea umeme unapokatika, ilhali mafaili ya zamani hubaki?
2. Laptopu inataka PC3L, ukaletewa PC3. Itaingia kwenye sloti? Itafanya kazi?
3. BIOS inaonyesha GB 6, Windows inatumia GB 2.99. Kosa ni la nani: muuzaji, fundi, au aina ya Windows?
4. Be imefeli kwenye sloti ya pili tu. Je, hiyo inatosha kusema Be ni mbovu? Ni jaribio gani limebaki?
5. Kwa nini mashine yenye RAM mbovu isitumike kuandikia matokeo ya mitihani, hata kama inawaka?

Wanafunzi wayajadili maswali haya pamoja na wazazi wao nyumbani, kwani huenda mzazi ndiye atakayetumwa dukani kesho.

Tunamuomba Allah (S.W.) atuzidishie elimu yenye manufaa, na atuwezeshe kutunza amana za watu, ndogo na kubwa. Wabillahi tawfiq.